RAM Mbili za Mama Ramani

Kompyuta ya Mama Ramani ilikuwa na adabu zake. Haikuzimika ghafla kama za watu wengine. Kwanza iliganda, ikakuacha uitazame, ikakuacha utumaini, ikakuacha hata uipapase kichwa kama mtoto mwenye homa, halafu ndipo ikazimika. Alhamisi hiyo ilifanya hivyo wakati anarekebisha mchoro wa korido ya wodi ya wazazi, na ilipowaka tena korido ilikuwa imerudi ilivyokuwa asubuhi, kana kwamba aliyeichora alikuwa ameshinda sokoni.

Majirani walimwita Mama Ramani kwa sababu alichora ramani za nyumba. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilitoka kwenye mashine yake. Nusu nyingine zilichorwa na wenyewe kwa kijiti mchangani, na hizo ndizo ambazo mlango wa choo unafungukia sebuleni. Alikuwa na stashahada ya uchoraji wa majengo, watoto wawili shule ya bweni, mume mmoja, na subira iliyokuwa imetumika sana.

Siku hizo subira ilihitajika kuliko kawaida. Jumatatu asubuhi kamati ya hospitali ya pale ilikuwa inachagua nani achore wodi mpya ya wazazi. Waliobaki walikuwa wawili: yeye, na ofisi moja kubwa yenye milango ya vioo na mhudumu wa kuwaambia wageni kwamba bosi yuko kikaoni. Kamati ilikuwa imesema haitaki makaratasi. Inataka kulitembea jengo kwenye skrini: uingie mlangoni, upite korido, ukate kona, ufike kitandani. Atakayepata wodi atapata na majengo mengine yote yatakayofuata. Kwa Mama Ramani, hiyo ilikuwa tofauti kati ya kuwa mchoraji na kuwa mama fulani anayejuajua kuchora.

Na jengo lilikuwa tayari. Isipokuwa kila ulipojaribu kulitembea, ulifika mapokezi ukaganda.

"Ipulize vumbi," alisema mumewe Ijumaa, kutoka kwenye kochi. Mumewe alikuwa msimamizi wa ghala la mabomba, na kwa ajili hiyo alijiona mtaalamu wa kila kitu kinachopitisha kitu.

"Nimeipuliza. Sasa ni safi na haifanyi kazi."

"Basi itakuwa prosesa."

"Prosesa ni nzima. Inakosa RAM. Iliyomo ni moja, ndogo, na nzee kama deni la harusi yetu."

"Kama ni RAM tu, nunua yenye mbio kuliko zote yaishe."

"Yenye mbio kuliko zote haitaingia kwenye mashine yangu, baba."

"Mchagua jembe si mkulima, mama watoto."

"Na asiyechagua analima kwa kijiko. Vaa viatu twende."

Duka la kompyuta lilikuwa jembamba kama korido, lenye makabati ya vioo pande zote mbili, na katikati alisimama muuzaji mwenye fulana iliyoandikwa Daktari wa Kompyuta. Alimtazama Mama Ramani kwa huruma ya kitaaluma.

"Karibu mama. Chaja ya simu?"

"RAM. Ya kompyuta ya mezani."

Daktari akahamisha macho kwa mume, kama mtu anayehama kituo cha redio. "Mzee, mashine yenu ni ya aina gani?"

Mume akafikiri kwa dhati. "Nyeusi," alisema.

"Prosesa yake inatumia RAM ya kizazi cha nne," alisema Mama Ramani, "mwendo wa elfu tatu na mia mbili. Bodi ina matundu manne. Nataka mbili zinazofanana, za pakiti moja, gigabaiti kumi na sita kila moja."

Daktari alijikuna shingo, akaingia chini ya kaunta, akaibuka na pakiti iliyokuwa inameremeta hata kabla ya kuchomekwa popote.

"Hii hapa mama. Elfu sita. Tena inawaka taa, rangi zote."

"Hiyo ni kizazi cha tano."

"Ndiyo mpya."

"Mpya ni sawa, lakini pengo lake la chini limekatwa mahali pengine. Kwenye bodi yangu haiingii."

"Inaingia, ukisukuma kidogo."

"Hata mlango wa jirani unaingia ukisukuma kidogo. Haimaanishi ni kwako."

Mume akainua kidole. Alikuwa amegundua jambo. "Lakini elfu sita si ni kubwa kuliko elfu tatu?"

Mama Ramani alivuta pumzi. Alikuwa na njia moja tu ya kueleza mambo, nayo ilikuwa ya saiti. "Sikiliza baba. Prosesa ni fundi mwashi. RAM ni saidia wake, kazi yake kumpa matofali. Fundi akiwa na haraka na saidia mzito, ukuta haupandi. Hapo ndipo tulipo sasa. Lakini ukimletea saidia bingwa wa dunia ambaye hawezi kupita kwenye geti, utabaki na fundi ndani, bingwa barabarani, na ukuta palepale. Mimi nataka saidia wawili, wasimame kulia na kushoto, kasi ileile fundi anayoweza kuipokea."

"Na taa?"

"Matofali hayana haja ya disko."

Daktari alitoa pakiti nyingine mbili, safari hii kwa heshima kidogo. Zote zilikuwa kizazi cha nne, zote elfu tatu na mia mbili. Moja ilikuwa na namba kumi na sita pembeni, nyingine ishirini na mbili.

"Chukua ya ishirini na mbili," alisema. "Ni kubwa."

"Hiyo ni namba ya kusubiri," alisema Mama Ramani. "Kadiri ilivyo ndogo ndivyo bora. Wewe ukienda benki unapenda ukute watu ishirini na wawili mbele yako, au kumi na sita?"

"Inategemea ni watu gani," alisema mumewe.

Mama Ramani alifungua simu, akatazama kama waliotengeneza bodi yake waliwahi kuijaribu ile RAM ya kumi na sita, akakuta wameijaribu na imewaridhisha, akainunua. Ndani ya pakiti RAM mbili zililala ubavu kwa ubavu, nyembamba, nyeusi, bila taa wala majivuno. Alipotoka dukani alijihisi mwepesi. Ndivyo mtu anavyojihisi kabla hajafika nyumbani.

Alikuwa hata hajavua viatu wakati mkunga mkuu wa hospitali alipompigia. Upana wa mlango wa chumba cha kujifungulia ulikuwa na utata. Mtu mmoja amepima kwa futi, mwingine kwa kukisia. Aende akapime mwenyewe. Mama Ramani aliiweka pakiti mezani, pembeni ya mashine, akachukua futi yake ya chuma.

"Usiiguse," alimwambia mumewe.

"Mimi? Niiguse ya nini?"

"Sijasema ya nini. Usiiguse."

Ni kweli mumewe hakuigusa. Hilo baadaye alilirudia mara nyingi, na kwa haki. Aliyeigusa alikuwa mama yake.

Hapa lazima mtu aelezwe. Mume wa Mama Ramani alizaliwa pacha. Yeye ndiye Kurwa, na mdogo wake aliyemfuata dakika chache baadaye ndiye Doto, na mama yao, ambaye aliwalea peke yake na kwa ukali, alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko zote: vinavyoingia nyumbani vikiwa viwili, kimoja cha Kurwa na kimoja cha Doto. Haikuwa na pembe wala kichochoro. Kwenye ukuta wa sebule yake ilining'inia picha ya hao pacha wakiwa watoto, siku ya sikukuu ya shule, kila mmoja amevaa kiatu kimoja kipya na kimoja cha zamani. Kwa sababu mjomba alileta jozi moja. Mama mkwe alipoionyesha kwa wageni hakuona cha kucheka. Aliona haki.

Pacha wenyewe walikua, wakaota ndevu, na sheria ikaota nao. Mkasi mmoja tu ndio ulionusurika katika ukoo huo, na hilo ni kwa kuwa skrubu inayoshika pande zake mbili ilikataa kufunguka.

Mama Ramani aliporudi na kipimo chake, alimkuta mumewe amesimama kando ya mashine iliyofunguliwa ubavu, mikono kiunoni, uso unang'aa.

"Sikuigusa ile pakiti," alianza. "Mama alipita kutuona. Akaikuta, akaifungua. Akasema ziko mbili. Moja akampelekea Doto. Hii nyingine nimekuchomekea mwenyewe, usihangaike."

Mama Ramani alichungulia ndani. RAM mpya ilikuwa imechomekwa jirani na ile nzee, kama kijana aliyeketishwa na babu kwenye karamu na kuambiwa asiinuke kabla yake.

"Umeiacha na ile ya zamani."

"Ndiyo. Mbili ni bora kuliko moja. Wewe mwenyewe ulisema unataka mbili."

"Nilisema mbili zinazofanana. Hizi zikikaa pamoja zote zinakwenda kwa mwendo wa mkongwe."

"Haraka haraka haina baraka."

Mama Ramani aliiwasha. Aliingia kwenye wodi yake. Akavuka mlango, akafika mapokezi, akapita mapokezi, moyo ukaanza kumdunda kwa furaha ya kijinga, akaingia korido, na hapo katikati ya korido, karibu na sinki la kunawia mikono, jengo likaganda. Baada ya muda wa heshima, skrini ikawa nyeusi.

"Imefika mbali kuliko jana," alisema mumewe.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa mageti matatu mbele. Doto aliishi hapo, katika chumba cha uani, akiwa na kompyuta ya mezani, kiti cha kuzunguka, na kazi ya kudumu ya kutafuta kazi. Kwenye kompyuta hiyo alikuwa kocha. Timu yake haikuwepo duniani, lakini ilikuwa na ratiba ngumu. Jumamosi asubuhi Mama Ramani alipofika, mumewe nyuma yake kama mzigo wa ushahidi, Doto alikuwa kwenye kikao na wachezaji.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "ile kitu ni moto. Uwanja sasa nauona mpaka majani."

"Shemeji, mashine yako ina RAM gani nyingine?"

"Ile ya zamani. Iko nayo pale pale. Wanasaidiana."

"Hawasaidiani, shemeji. Mpya inamsubiri mzee. Hayo majani unayoyaona ni macho yako tu."

Mama mkwe alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mfupi, mnyoofu, na hakuwahi kuketi mtu mwingine akiwa amesimama, ili asije akatazamwa kwa juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kushukuru?"

"Nimekuja kuomba ile RAM, mama. Nilinunua mbili kwa sababu mashine yangu inazihitaji mbili. Jumatatu naonyesha wodi hospitalini. Nikiwa na moja, jengo halitembei, na lisipotembea kazi inakwenda kwa wale wa milango ya vioo."

"Moja unayo."

"Ninayo."

"Na Doto anayo moja. Sasa nani kaonewa?"

"Lakini mama, hizi si za wanao. Ni zangu."

"Cha mke ni cha mume. Cha mume ni cha pacha wake. Mimi nimewalea hawa watu wawili kwa mizani, mwanangu. Leo nikianza kupendelea mmoja, uzeeni wataniuliza."

"Mama, sisi tushakuwa watu wazima," alijaribu Kurwa.

"Nyamaza, nagawa," alisema mama yake.

Mama Ramani alimtazama mumewe. Mumewe alitazama sakafu, ambayo ilikuwa imesakafiwa vizuri. Doto aligeuza kiti chake kwa nusu duara, akionyesha kwamba yuko tayari kwa amani ya aina yoyote ambayo haitamgharimu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mama," alisema Mama Ramani.

"Ndiyo maana kila mtoto wangu nilimpa kidole chake."

Kwa mtindo huo wangeweza kufika Jumatatu na kuipita. Mama Ramani alijua kubishana na makandarasi, na alijua dalili za mtu ambaye hoja yako inamwimarisha. Mtu wa namna hiyo humwondoi kwenye sheria yake. Unaingia naye humo humo ndani, unatafuta chumba ambacho hajakifungua.

Alifungua mkoba, akatoa RAM aliyokuwa amekuja nayo, iliyochomolewa asubuhi hiyo na kufungwa kwenye kitambaa. "Shemeji, zima mashine. Hebu nitolee hiyo yako."

"Nina mechi."

"Ahirisha. Mvua imenyesha uwanjani."

Doto alimtazama mama yake, mama yake akatikisa kidevu, mashine ikazimwa. RAM ikatoka. Mama Ramani alizilaza zote mbili kwenye kiganja na kumsogezea mama mkwe.

"Mama, zitazame vizuri. Vaa miwani."

Mama mkwe alivaa miwani. Alizitazama kwa zamu, akazigeuza.

"Zinafanana," alisema hatimaye.

"Ni kurwa na doto, mama. Zimezaliwa kiwanda kimoja, siku moja. Ona namba zake hapa mwisho, zinafuatana. Waliozitengeneza walizipima pamoja wakaona zinakwenda hatua moja, ndiyo maana wakazilaza pakiti moja. Ukiziweka pamoja zinakimbia. Ukiitoa moja ukaipeleka nyumba nyingine ikalala na mgeni, zote mbili zinadhoofika."

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ipi ilitangulia?"

"Hii. Namba yake ndogo."

"Ndiyo Kurwa hiyo." Aligusa ya pili kwa ncha ya kidole. "Na wewe Doto." Kisha akainua kichwa, na uso aliowageuzia wanawe haukuwa wa mizani tena. "Nyie watu wazima. Wenye ndevu. Mmetenganisha pacha?"

"Mama, wewe ndiye—" alianza Kurwa.

"Mimi ni mzee, sikuambiwa. Nilikuta pakiti mezani, nikajua ni vitu. Wewe uliishika kwa mkono wako ukaichomeka, hukuona ina mwenzake? Wewe kuliko watu wote?"

Miaka yote aliyoishi Kurwa hapakuwa na mtu aliyewahi kumlaumu kwa kutokuwa na huruma na kipande cha kompyuta.

Lakini Doto, ambaye kazi ya ukocha ilikuwa imemfundisha kuona upenyo, alisogeza kiti. "Sawa mama, zisitenganishwe. Zibaki zote hapa kwangu. Hapa kuna bibi wa kuziangalia."

Lilikuwa shambulizi zuri na lilikaribia goli. Mama mkwe alianza kulipima. Ilionekana kwenye midomo yake. Mama Ramani hakungoja alimalize.

"Mama, wanao walipozaliwa, walilala kwa nani? Kwa aliyewabeba, au kwa aliyekuja kuwatazama?"

"Swali gani hilo. Walilala kwangu."

"Hizi nilizibeba mimi. Nilizitafuta, nikazichagua kati ya nyingi, nikabishana na Daktari mpaka akazitoa. Aliyekuwepo pamoja nami aliuliza habari za taa."

Mama mkwe alimtazama Kurwa. "Uliuliza taa?"

"Niliuliza tu."

"Chukua wanao," alisema mama mkwe, na akamfunga mkwewe kiganja juu ya zile RAM mbili kwa mikono yake yote miwili. "Usizilaze mbalimbali. Na Jumatatu hawa wawili watakubebea mashine. Wote wawili. Mmoja asibebe kuliko mwenzake."

Nyumbani Mama Ramani alimtoa yule mkongwe kwa heshima, akamweka kwenye droo. Zile mpya alizichomeka kwenye tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, kwa maana hivyo ndivyo bodi yake ilivyotaka saidia wasimame, na siyo kubanana kwenye matundu mawili ya jirani kama abiria. Kisha, kabla mashine haijaamka sawasawa, akaingia kwenye mipangilio yake ya ndani. Hapo ndipo wengi hukosea na kwenda kumtukana muuzaji: RAM hata iwe na mbio gani, ikitoka dukani hutembea. Lazima uiambie ikimbie. Aliiambia. Mashine ilizima, ikafikiri, ikawaka.

Aliingia mlangoni, akapita mapokezi, akapita sinki la kunawia bila kulitazama, akakata kona, akafika kitanda cha mwisho dirishani. Akarudi. Akaenda tena. Jengo lilimfuata kama maji yanavyofuata mfereji.

Mumewe alisimama nyuma yake na kikombe. "Nilikwambia lilikuwa vumbi," alisema. "Ulipochomoa, limetoka."

Aliamua kuendelea kuwa ameolewa, angalau hadi Jumatatu.

Jumatatu Kurwa na Doto waliingia ukumbi wa hospitali wamebeba mashine katikati yao kama jeneza la mtoto wa mfalme, kila mmoja upande wake, wakigombana kwa kunong'ona nani ameinamisha. Kamati iliketi kwenye meza ndefu: mwenyekiti, ambaye alikuwa na suti na maoni, watu wengine wa kutikisa kichwa, na mkunga mkuu, mama mpana mwenye viatu vya kimya, aliyekaa pembeni karibu na mlango kwa desturi ya watu ambao wanaweza kuitwa wakati wowote.

Bwana wa milango ya vioo alianza. Alileta filamu. Ilikuwa na muziki wa vinanda, jua lilichomoza, ndege wakapita juu ya wodi, na wagonjwa wote walikuwa wembamba na wanatabasamu. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa midundo.

"Samahani," alisema mkunga. "Hapo, ingia huo mlango wa kushoto."

"Tutafika mama," alisema yule bwana. Lakini filamu haikuwa inaelekea huko. Filamu ilikwenda bustanini, ikazunguka ua moja zuri, ikaishia angani.

"Nilitaka kuona mlango," alisema mkunga.

"Tunaweza kuwaandalia toleo lenye mlango. Wiki mbili tu."

Kisha ikawa zamu ya Mama Ramani. Hakukuwa na vinanda. Aliingia mlangoni, akamwuliza mkunga aende wapi, mkunga akamwambia, wakaenda. Nipeleke stoo. Wakaenda stoo. Nirudishe. Wakarudi. Kila mara jengo lilipogeuka bila kusita, Mama Ramani aliachia pumzi kidogo ambayo hakuna aliyeiona isipokuwa mumewe, ambaye kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakuwa na ushauri.

"Sasa nipe kitanda cha magurudumu," alisema mkunga. "Nina mama juu yake, uchungu umekolea. Natoka mapokezi nampeleka kujifungua. Nisukume."

Wakasukuma. Korido ilikuwa sawa. Mlango, ule uliopimwa upya, ulikuwa sawa. Katikati yao ilikuwepo kona, na kwenye kona kichwa cha kitanda kiligota ukutani, na miguu yake ikagota ukuta wa pili.

"Nimekwama," alisema mkunga.

Yule bwana wa milango ya vioo aliandika kitu. Mama Ramani aliitazama ile kona na akajua kosa ni lake. Alikuwa ameipima kwa mtu anayetembea kwa miguu, akasahau kwamba wanaopita pale si wote wenye miguu ya kutembelea. Kwa mashine ya Alhamisi angesema asante, nitarekebisha, nitawaletea, na hapo ndipo ungekuwa mwisho wa habari yake.

"Hapo umekwama kweli," alisema. "Tusogeze ukuta."

Akaukamata ukuta wa stoo, akausogeza ndani. Jengo zima likajipanga upya mbele yao, rafu za stoo zikahama, kivuli kikahama, mashine haikukohoa.

"Sukuma tena mama."

Kitanda kikapita.

"Ongeza kidogo," alisema mkunga. "Zamu zetu tunapita wawili, mmoja ameshika chupa ya maji juu." Ukuta ukasogea kidogo. "Hapo. Kinyume sasa, natoka. Mtoto amezaliwa." Wakatoka. Mkunga alikuwa ameacha kiti chake na amesimama karibu kabisa na skrini, mkono mmoja hewani kama ameshika ubavu wa kitanda. "Nimefanya kazi kwenye wodi nne," alisema kwa kamati, "na zote nilizijua kona zake zikiwa zimeshajengwa."

Watu wa kutikisa kichwa walimgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti aliangalia ule mkono wa mkunga uliokuwa bado hewani, akaona kwamba uamuzi umeshafanywa bila yeye, na kwamba kilichobaki ni kuutangaza kwa sauti nzito.

"Basi kamati imeridhika," alisema. "Kazi ni yako, mama. Uanze na mkataba kesho." Akakohoa, kwa sababu mwenyekiti asiyeongeza kitu si mwenyekiti. "Ila mimi kwa upande wangu nilikuwa napendekeza, kama itawezekana huko mbele, mkipata muda, lile paa badala ya jekundu liwe—"

"La rangi gani, mzee?"

"Bluu."

Paa lilikuwa la bluu kabla hajafunga mdomo.